Kanivali ya Notting Hill: Ngoma ya mtaa iliyozaliwa na fujo za ubaguzi

KILA mwaka Agosti inapokaribia mwisho, mafundi seremala hukosa nafasi ya kupumua katika mtaa wa Notting Hill, magharibi mwa jiji la London. Hupita duka kwa duka na nyumba kwa nyumba wakipigilia mbao za plaiwudi kwenye madirisha na milango, hata mgeni akadhani mtaa unajiandaa kwa vita. Wakazi wenye uwezo hufunga virago wakaenda likizo. Waliobaki hujaza kabati chakula cha siku mbili, na baadhi yao huandika bei ya kutumia choo kwenye kipande cha karatasi na kukibandika mlangoni.

Asubuhi ya Jumapili ya mwisho kabla ya sikukuu ya mapumziko ya Agosti, kabla kiamsha kinywa hakijaliwa katika nyumba nyingi, kundi la kwanza la wacheza ngoma huingia barabarani likiwa limejipaka rangi na unga. Kwa siku hiyo na Jumatatu inayofuata, watu wanaokadiriwa kuwa milioni moja au zaidi hupita katika njia nyembamba ambazo siku nyingine hazina kelele zaidi ya mbwa na magari ya kifahari. Hiyo ndiyo Kanivali ya Notting Hill, inayotajwa kuwa tamasha kubwa zaidi la barabarani barani Ulaya.

Kwa Mkenya aliyezoea kuziona sherehe hizo kwenye runinga kwa sekunde chache mwishoni mwa taarifa ya habari, ni rahisi kuhitimisha kwamba ni manyoya, viuno na pombe. Picha hizo si za uongo. Hata hivyo, hazielezi kwa nini watu wa mtaa mmoja wameng'ang'ania barabara zao kwa karibu miaka 60, wala kwa nini kila mwaka kuna wanaotaka shughuli hiyo ihamishwe.

Ifahamike kwanza kwamba Agosti, mwezi ambao wakazi wa Nairobi na Limuru hujikunyata katika masweta, ni kiangazi nchini Uingereza. Shule zimefungwa na jua huchelewa kutua hadi saa mbili za usiku. Mitaa mingi ya London hutumia wiki hizo chache za joto kufanya sherehe zake ndogo: barabara hufungwa, meza hutandazwa, watoto hucheza bila hofu ya magari. Kanivali ilianza kama sherehe ya aina hiyo hiyo, ila mtaa wenyewe ulikuwa na kidonda.

Kidonda hicho kilianzia miaka ya baada ya Vita Vikuu vya Pili. Uingereza ilihitaji wafanyakazi wa kuijenga upya, nao watu wa visiwa vya Karibiani, waliokuwa raia wa himaya, wakaitika. Meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury Juni 1948 ikiwa na mamia ya abiria kutoka Jamaica, Trinidad na visiwa vingine, na wengi zaidi wakafuata. Walipata kazi katika mabasi, reli na hospitali. Nyumba ndizo zilizowashinda. Matangazo ya vyumba vya kukodi yalisema waziwazi kwamba watu weusi hawatakiwi.

Notting Hill ya wakati huo haikuwa ile ya filamu ya mwaka 1999 ya Julia Roberts na Hugh Grant, ambayo, kwa kioja, ilipita mtaa mzima bila kuwaona sana watu weusi. Ulikuwa mtaa wa majumba makuukuu yaliyogawanywa vyumba vidogo vidogo. Kabaila mmoja, Peter Rachman, aliwakubali wapangaji weusi kwa sababu angeweza kuwatoza kodi ya juu bila wao kuwa na pa kulalamika. Jina lake hadi leo hutumiwa na Waingereza kumaanisha unyonyaji wa mwenye nyumba. Wazungu maskini waliishi papo hapo, na wanasiasa wenye chuki wakawaambia kwamba jirani mweusi ndiye chanzo cha umaskini wao.

Mwishoni mwa Agosti 1958 moto ukawaka. Magenge ya vijana wa Kizungu waliojulikana kama Teddy Boys walizunguka mitaani usiku wakishambulia nyumba za watu wa Karibiani kwa mawe, minyororo na chupa za petroli. Fujo hizo zilidumu hadi mapema Septemba. Vijana tisa wa Kizungu walihukumiwa kifungo cha miaka minne kila mmoja, hukumu iliyoonekana kali wakati huo, lakini wakuu wa polisi waliendelea kushikilia kwamba ulikuwa uhuni tu, si ubaguzi.

Hapo ndipo anapoingia Claudia Jones, mwanamke ambaye wengi wanaocheza leo nyuma ya malori hawajawahi kulisikia jina lake. Alizaliwa Port of Spain, Trinidad, mwaka 1915, akalelewa New York, akawa mwandishi wa habari na mwanachama wa chama cha Kikomunisti cha Marekani. Kwa kosa hilo alifungwa, kisha akafukuzwa nchini mwaka 1955 na kupelekwa Uingereza. Machi 1958, miezi michache kabla ya fujo, alikuwa ameanzisha katika mtaa wa Brixton gazeti la West Indian Gazette, mojawapo ya magazeti ya kwanza ya watu weusi nchini humo.

Fujo zilipotulia, Jones aliamua kuuponya uchungu huo kwa ngoma. Januari 30, 1959, aliandaa kanivali ndani ya ukumbi wa St Pancras Town Hall. Januari si mwezi wa kucheza nje London, lakini alifuata kalenda ya kwao: Trinidad hucheza kanivali kabla ya Kwaresima. Televisheni ya BBC iliipeperusha sherehe hiyo, na sehemu ya fedha zilizopatikana ilikusudiwa kulipa faini za vijana, weusi kwa weupe, waliokuwa wamefikishwa kortini kwa ajili ya fujo. Kipengele hicho cha mwisho kinastahili kutiliwa maanani. Gazeti la watu waliopigwa lilichanga fedha ambazo zingewafikia pia baadhi ya waliowapiga.

Amani haikuja upesi. Mei mwaka huo huo Kelso Cochrane, fundi seremala wa miaka 32 kutoka Antigua, alidungwa kisu na genge la Wazungu alipokuwa akitembea kurudi nyumbani usiku akitoka hospitalini kutibiwa kidole. Zaidi ya watu 1,200 walijitokeza kumzika. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji hayo.

Jones alifariki Desemba 1964 akiwa na miaka 49, akazikwa katika makaburi ya Highgate kando ya Karl Marx. Hakuiona kanivali ikitoka ukumbini.

Aliyeitoa nje, tena bila kukusudia kuanzisha jambo kubwa hivyo, ni Rhaune Laslett, mfanyakazi wa jamii aliyeishi Notting Hill. Mwaka 1966 aliandaa sherehe ya kiangazi kwa ajili ya watoto wa mtaa wa kila asili, wengi wao wasio na uwanja wala bustani ya kuchezea. Alimwalika Russell Henderson, mwanamuziki wa Trinidad, aje na kikundi chake cha kupiga mapipa ya chuma. Henderson na wenzake walipiga, kisha wakaona barabara imepoa. Wakayaning'iniza mapipa shingoni, wakaanza kutembea. Watu wakatoka majumbani, wakafuata. Waliopanga sherehe hawakuwa wameandaa njia ya kupitia. Wapiga ngoma walikwenda walikotaka na umati ukaongezeka kila kona.

Mapipa hayo yana historia yake. Watawala wa Kiingereza huko Trinidad walikuwa wamewapiga marufuku maskini wa mjini kupiga ngoma za ngozi. Vijana wakageukia mabati, makopo na mwishowe mapipa matupu ya mafuta, wakayagonga kwa nyundo hadi kila bonde likatoa sauti yake. Leo pipa la mafuta hutumika mara mbili katika Kanivali: moja hupigwa muziki, jingine hukatwa katikati, likatiwa makaa, likachomewa kuku wenye pilipili.

Kwa miaka michache shughuli hiyo ilibaki ndogo. Mtaa wenyewe ulikuwa ukikatwa vipande: barabara ya juu ya Westway, iliyofunguliwa mwaka 1970, ilibomoa nyumba nyingi na kuwahamisha wakazi. Kuanzia 1973 Leslie Palmer, kijana mzaliwa wa Trinidad, alikabidhiwa maandalizi na kuyabadilisha kabisa. Alitafuta wafadhili, akapanua njia, na akawaruhusu vijana wa asili ya Jamaica kuweka mitambo yao ya muziki kwenye kona za barabara. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko unavyoonekana. Wazee wa Trinidad walitaka kalipso na mapipa tu. Vijana waliozaliwa London walitaka rege. Palmer aliwapa wote nafasi, na maelfu machache ya wahudhuriaji yakawa zaidi ya laki moja.

Umati wa vijana weusi kwa wingi huo uliwatia polisi wasiwasi. Mwaka 1976 waliletwa askari wapatao 3,000. Wakati huo ilitumika sheria ya mwaka 1824 dhidi ya wazururaji, iliyompa askari uwezo wa kumkamata mtu kwa kumshuku tu, na waliokuwa wakishukiwa wanajulikana. Jaribio la kumkamata kijana aliyedaiwa kuwa mchopozi liliwasha ghasia zilizowapeleka hospitalini zaidi ya maafisa 100. Askari walijikinga kwa vifuniko vya mapipa ya taka. Ngao za kuzuia ghasia zikawa sehemu ya vifaa vyao baada ya hapo. Tangu mwaka huo, Kanivali imekuwa ikijadiliwa kwanza kama suala la polisi na baadaye, muda ukiruhusu, kama suala la utamaduni.

Haitakuwa haki kusema polisi hawana hoja. Mwaka 2024 watu wawili waliuawa, mmoja wao mama aliyekuwa na mtoto wake mdogo. Ripoti ya kamati ya Bunge la jiji la London ya mwaka 2025 ilionya kwamba hatari kubwa zaidi huenda si kisu bali mkanyagano, kwa kuwa njia ni nyembamba na umati hauna tiketi wala lango. Mwaka huo waandalizi walikiri kwamba bila fedha za ziada za usalama sherehe ilikuwa hatarini. Mabaraza mawili ya mitaa pamoja na ofisi ya Meya yalichanga karibu pauni milioni moja, wakawekwa polisi wapatao 7,000, na kamera zinazotambua sura zikatumika kwenye njia za kuingilia. Watetezi wa Kanivali nao huuliza kwa nini matamasha mengine makubwa ya muziki hayaanzi kuhesabiwa kwa idadi ya waliokamatwa.

Ndipo linapozuka, karibu kila mwaka, pendekezo la kuihamishia Hyde Park, bustani kubwa iliyo mwendo mfupi kutoka hapo. Huko kuna nafasi, ua na milango ya kukagulia watu. Kwa hesabu za usalama pekee pendekezo hilo lina mantiki. Lakini hukosa jambo moja ambalo mkazi wa Lamu atalielewa bila kuelezwa: zefe la Maulidi likihamishiwa uwanja wa mpira litakuwa na nafasi tele, ila halitakuwa zefe.

Uzito wa hoja hiyo umeongezeka kwa sababu wenye Kanivali wengi hawaishi tena Notting Hill. Majumba yale yale ya Rachman yaliyovuja sasa ni miongoni mwa nyumba ghali zaidi nchini Uingereza. Wajukuu wa waliopigwa mawe mwaka 1958 hupanda treni kutoka mitaa ya mbali ili kuja kucheza kwenye barabara ambako nyanya zao walifua nguo. Siku mbili za Agosti ndizo pekee ambazo wanarudi kama wenyeji. Wakihamishiwa bustanini, hata hizo mbili zitakwisha.

Wapo pia waliobaki, hasa upande wa kaskazini wa mtaa, katika nyumba za kupangisha za halmashauri. Juni 14, 2017, jengo mojawapo la ghorofa huko, Grenfell Tower, liliteketea na kuua watu 72, wengi wao wahamiaji na watoto wa wahamiaji. Agosti ya mwaka huo wapo waliotaka Kanivali isifanyike karibu na majivu hayo. Ilifanyika. Saa tisa alasiri, siku zote mbili, malori yalisimama, spika zikazimwa, mapipa yakanyamaza, na umati ule wote ukasimama kimya kwa dakika moja.

Desturi hiyo imeendelea, ila muda umebadilishwa. Siku hizi kimya ni cha sekunde 72.