Je, Wajua? Wapo Ambao VVU Haviwapati

Majengo, Nairobi, wanawake wanaouza ngono wamefuatiliwa na watafiti tangu 1985. Wachache hawakuambukizwa, miaka nenda miaka rudi, japo wateja wenye virusi walikuwa wengi. Baadhi yao wamerithi jeni fulani za HLA, zinazoisaidia kinga kuitambua seli iliyovamiwa. Ajabu yenyewe hii: baadhi walioacha kazi kwa muda kisha wakairudia, waliambukizwa! Yaelekea kinga yao ilihitaji kukutana na kirusi mara kwa mara.

Ulaya Kaskazini ni habari nyingine. Kirusi huingia kwenye seli nyeupe kupitia mlango uitwao CCR5. Takriban mtu 1 kati ya 100 huko amerithi, kwa baba na kwa mama, jeni iliyopungukiwa herufi 32. Kwake mlango huo haupo.

Mmarekani Timothy Ray Brown, mgonjwa wa saratani ya damu, alipandikizwa seli za mtu wa namna hiyo mjini Berlin mwaka 2007. VVU vikatoweka mwilini.

Tandale au Mbagala, Dar es Salaam, usiitafute jeni hiyo. Kwa Waafrika ni nadra mno. Na mwenye nayo naye asitambe: vipo virusi vinavyopitia mlango wa pili, CXCR4.