Mjomba Naye Aisikie Ngoma

Kwetu kusini mtoto ni wa ukoo. Kwa Wamwera, Wamakua na Wamakonde wa Nachingwea na Ruangwa, mjomba ana sauti kubwa katika malezi. Korosho zikishauzwa mnadani, fungu moja huenda kwenye ada ya mpwa aliye mbali.

Mpwa akisomea uganga, siku moja atarudi na sindano na kila mtu ataona. Je, akisomea muziki kule Bagamoyo, katika chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na kugeuzwa kuwa taasisi mwaka 2007? Ni zaidi ya kilomita 500 kutoka nyumbani. Onyesho la jioni moja likipita, limepita. Ndugu wasiosikia chochote huanza kunong'ona: huyu anasoma au anacheza tu? Hapo mchango hupungua, wala si kwa uchoyo.

Mpwa wangu mmoja yuko huko, nami nimeona mambo matatu yanayosaidia.

La kwanza, tuma sauti kabla ya picha. Video ya dakika 5 inaweza kumaliza bando la mtu wa kijijini, lakini sauti tupu ya muda huo ni megabaiti chache tu. Video nzima iwekwe kwenye memori kadi, apewe ndugu anayepanda basi la kusini.

La pili, onyesho lisiende peke yake. Kijana aseme kwa maneno yake mwenyewe: hii ni ngoma gani, nani anapiga nini, mimi naingia wapi. Bila hivyo, shangazi ataona kundi la vijana na asijue amsikilize yupi. Tena wapangiane saa, ndugu wakusanyike nyumba moja. Muziki husikilizwa na watu, si na mtu mmoja aliyeinamia simu.

La tatu, na ndilo kubwa, jibu lirudi. Bibi yetu wa Ruangwa aliposikiliza, alisema wapigaji wanakimbia, wachezaji hawapati nafasi ya kukanyaga. Tukamrekodi, tukampelekea mjukuu. Kesho yake alipiga polepole zaidi.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa wazee hawa si watazamaji wa kuonewa huruma. Sindimba iliyopanda majukwaani miaka ya 1960 ilitoka kwa Wamakonde, haikutoka darasani. Redio Tanzania Dar es Salaam nayo ilirekodi ngoma za wananchi, ikazirusha nchi nzima. Mjini tulikopa kwao.

Basi, wewe mwenye kijana chuoni, usimpelekee mjomba risiti ya ada peke yake. Mpelekee na mdundo, kisha umwulize anauonaje. Aliyelipia ngoma ana haki ya kuisikia, na mara nyingine anaijua kuliko anayeipiga.

Tukutane juma lijalo.