Nishani za kijeshi Rwanda: Kwa nini jina la askari lina thamani kuliko madini?

Tarehe 6 Mei 1916, majeshi ya Ubelgiji kutoka Congo yaliingia Kigali, na Wajerumani wakauacha mji ambao Richard Kandt alikuwa ameuanzisha mwaka 1907. Tangu siku hiyo hadi leo, milima ya Kigali imepitiwa na askari wa dola kadhaa, wa jamhuri iliyopata uhuru mwaka 1962, wa vita vya ukombozi vya 1990 hadi 1994, na wa Umoja wa Mataifa.

Karibu kila jeshi miongoni mwa hayo lilikuwa na nishani zake. Baadhi zipo kwenye makumbusho, nyingine zimebaki katika masanduku ya familia, na nyingine huishia mikononi mwa wakusanyaji wa mbali ambao hawajui aliyezivaa alikuwa nani.

Je, nishani ya kale hutambuliwaje, na ni kitu gani hupotea inapotengana na mwenyewe?

Kabla ya medali za Ulaya

Utamaduni wa kuwatunuku wapiganaji haukuletwa Rwanda na wakoloni. Katika jeshi la ufalme kulikuwa na daraja tatu za heshima, na kila daraja ilihesabiwa kwa idadi ya maadui ambao mpiganaji amewaua vitani.

Aliyeua saba alivishwa umudende, mkufu wa chuma wenye njuga. Aliyefikisha 14 alipewa impotore, bangili ya madini yaliyosokotwa. Aliyefikisha 21 alifanyiwa sherehe kubwa kuliko zote, iliyoitwa gucana uruti, yaani kuwasha uti wa mkuki.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa. Uruti wa Kinyarwanda ndio uti wetu, mpini mrefu wa mkuki. Mkuki wa shujaa ulichomwa moto kama ishara kwamba amefika kilele, na hakuna daraja nyingine juu yake.

Jina hilo limerudi katika zama hizi. Nishani ya Taifa ya Ukombozi ya Rwanda inaitwa Uruti. Katika sherehe za Siku ya Ukombozi, tarehe 4 Julai 2009, Rais Paul Kagame aliitoa kwa Rais Yoweri Museveni wa Uganda, kwa Waziri Mkuu wa Ethiopia wakati huo, Meles Zenawi, na kwa hayati Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania.

Mlinzi asiye na silaha

Pamoja na Uruti ipo nishani ya pili, Umurinzi, inayotolewa kwa waliopambana kusimamisha mauaji ya kimbari. Neno hili nalo halihitaji tafsiri: umurinzi ni mlinzi.

Miongoni mwa waliotunukiwa ni Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, aliyekuwa Kigali mwaka 1994 kama mwangalizi wa kijeshi wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR. Waangalizi hao hawakubeba silaha. Hata hivyo alivuka vizuizi vya barabarani mara kwa mara akiwa na watu ndani ya gari lake, akiwaokoa kwa maneno, mzaha na ujasiri. Miongoni mwa waliookolewa ni watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, aliyeuawa tarehe 7 Aprili.

Kapteni Diagne aliuawa tarehe 31 Mei 1994 kwa kombora la mzinga lililoanguka karibu na gari lake kwenye kizuizi mjini Kigali. Rwanda ilimtunuku Umurinzi tarehe 4 Julai 2010.

Mwaka 2014, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha medali ya ujasiri wa kipekee yenye jina lake. Ya kwanza ilikabidhiwa kwa mjane wake, Yacine Mar Diop, jijini New York mwezi Mei 2016.

Zamani heshima ilihesabiwa kwa waliouawa. Katika nishani ya Kapteni Diagne, hesabu ni ya waliobaki hai.

Utepe, ukingo na mwaka

Anayetaka kuitambua nishani huanza na mambo matatu: alama ya dola iliyoitoa, utepe wake, na maandishi yaliyo kwenye ukingo au mgongoni.

Alama ya dola ndiyo iliyo rahisi zaidi. Taji, tai, nyota au sura ya mfalme huonyesha nchi, na mara nyingi huonyesha kipindi pia. Bulgaria, ambayo nishani zake za kale zinapendwa sana na wakusanyaji wa Ulaya, ni mfano mzuri. Medali zake za sifa hubeba sura ya mtawala aliyekuwa madarakani, awe Alexander, Ferdinand au Boris, na msalaba wa Nishani ya Ushujaa, iliyoanzishwa mwaka 1880, hubeba mwaka mgongoni.

Lakini mwaka unaweza kumpotosha asiye makini. Bulgaria ilianzisha medali ya kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1933, miaka 15 baada ya vita kwisha. Vivyo hivyo, Uruti ya mwaka 2009 inazungumzia vita vilivyoanza mwaka 1990. Mwaka wa nishani na mwaka wa tukio ni mambo mawili tofauti.

Utepe una uzito wa pekee kwa medali za Umoja wa Mataifa, ambazo askari na polisi wengi wa Rwanda wamerudi nazo kutoka Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kipande cha madini katika operesheni nyingi ni kilekile: nembo ya Umoja wa Mataifa mbele, na nyuma maneno ya Kiingereza yanayosema kuwa mhusika alitumikia amani. Kinachotenganisha operesheni moja na nyingine ni rangi za utepe. Ukichakaa na kutupwa, medali ya Bangui na ya Juba haziwezi tena kutofautishwa.

Ukingo ndio wenye siri kubwa zaidi. Medali ambazo Uingereza iliwapa wanajeshi wake wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakiwemo askari wa King's African Rifles, ambao Waswahili waliwaita Keya, zilichorwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mhusika. Nyota za Uingereza za Vita vya Pili vya Dunia zilitolewa bila jina. Kwa sababu hiyo, familia ya babu aliyepigana mwaka 1916 huweza kumpata kwenye chuma chenyewe, lakini ya aliyepigana mwaka 1941 hutegemea karatasi na simulizi.

Bandia na hatari ya kusugua

Palipo na soko hapakosi bandia. Medali halisi kwa kawaida hugongwa kwa mashine yenye nguvu, hivyo herufi zake huwa kali na uso wake laini. Ya kughushi mara nyingi humiminwa kwenye kalibu, ikabaki na vitundu vidogo, herufi zilizolegea, au mstari wa kiungo ukingoni.

Hata hivyo, madhara mengi hufanyika nyumbani kwa nia njema. Kusugua medali hadi ing'ae hufuta herufi za ukingoni kidogo kidogo, na kubadilisha utepe uliochakaa huondoa ushahidi. Inafaa kuiacha ilivyo, kuihifadhi mahali pakavu, na kuiweka pamoja na cheti chake, picha ya mwenyewe, na karatasi yenye jina lake, kikosi chake na mahali alipotumikia.

Kumbukumbu hiyo huandikwa vyema zaidi mhusika akiwa hai. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 vita vya 1990 vilipoanza, sasa amepita miaka 50.

Nchini Rwanda, taasisi ya CHENO ndiyo inayosimamia masuala ya mashujaa na nishani za taifa, na Makumbusho ya Kampeni dhidi ya Mauaji ya Kimbari, yaliyozinduliwa mwezi Desemba 2017 katika jengo la Bunge, yanasimulia vita ambavyo Umurinzi unavikumbuka.

Lakini makumbusho hayawezi kujua yaliyomo ndani ya kila sanduku. Mkusanyaji anaweza kutaja nchi, mwaka na aina ya madini. Jina la aliyeivaa nishani, na alichokifanya hata akaistahili, kwa kawaida hujulikana na watu wa nyumbani kwake tu.