Marejeo hewa na kazi ya mkutubi



Wiki mbili zilizopita mpwa wangu, anayesoma mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa nchini, alikuja nyumbani uso umemshuka. "Mjomba, wamenirudishia tasnifu," akasema. Nilidhani ameandika vibaya. La hasha! Maandishi yalikuwa safi kabisa. Tatizo lilikuwa mwishoni, kwenye orodha ya marejeo. Kati ya marejeo 12, manne hayakuwapo popote duniani. Majarida yaliyotajwa yapo kweli, lakini makala zenyewe hazikuwahi kuandikwa. Alikuwa ameyaokota kwenye programu ya akili mnemba, kwa simu yake ya mkononi. Tumezoea kusikia habari za wafanyakazi hewa; sasa tumepata marejeo hewa.

Aliyegundua jambo hilo hakuwa profesa. Alikuwa mkutubi.

Wengi wetu tukisikia neno mkutubi tunamkumbuka mtu mwenye miwani aliyekaa karibu na mlango, akigonga mihuri na kuwaambia watu "Kimya!" Tunadhani kazi yake ni kulinda vitabu visiibwe. Kumbe katika vyuo vikuu mkutubi ni mwalimu, na ana somo lake. Mwaka 1974 Mmarekani Paul Zurkowski alilipa somo hilo jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema ni ujuzi wa habari. Mwaka 1989 Chama cha Maktaba cha Marekani kikaeleza maana yake: mtu mwenye ujuzi huo hutambua wakati anapohitaji habari, huweza kuitafuta, huipima, na huitumia inavyopasa. Na mwaka 2005 wataalamu waliokutana Alexandria, Misri, wakatamka kwamba ujuzi huo ni sehemu ya haki za msingi za binadamu.

Je, mkutubi anaufundishaje? Tuchukue mada ya mpwa wangu: kwa nini mwani aina ya kotonii unakufa Zanzibar, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989.

Hatua ya kwanza, mkutubi humzuia mwanafunzi asikimbilie kompyuta. Humwambia achukue karatasi aivunje mada yake katika maneno. Mwani una jina la kitaalamu. Zanzibar huenda mwandishi mmoja kaandika Unguja, mwingine Pemba. Kufa kwa mwani huenda kumeandikwa kama ugonjwa, au kama joto la bahari. Kisha humfundisha viunganishi viwili. Ukiunganisha maneno kwa "na", kompyuta hukuletea maandishi yenye maneno yote mawili tu, hivyo orodha hupungua. Ukiunganisha kwa "au", hukuletea yenye neno lolote kati ya hayo, hivyo orodha hupanuka. Ni jambo dogo, lakini asiyelijua hupata matokeo laki moja yasiyomfaa, au hapati kitu, halafu anarudi kwenye madesa ya mwaka jana.

Hatua ya pili ni kujua pa kutafuta. Gazeti litakupa habari ya jana. Kitabu kitakupa msingi wa jambo. Jarida la kitaalamu litakupa utafiti ambao wataalamu wengine waliusoma na kuukosoa kabla haujachapishwa. Kila kimoja kina kazi yake.

Hatua ya tatu, na ndiyo ngumu, ni kupima. Kwa miaka mingi wakutubi walifundisha maswali kama haya: Habari hii ni ya lini? Inahusiana na swali langu? Nani kaandika? Ushahidi uko wapi? Na ameandika kwa kusudi gani? Maswali mazuri, lakini yana upungufu wake. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford, Marekani, walieleza jaribio walilofanya kwa wanahistoria 10, wanafunzi 25 na wahakiki wa habari 10. Waliwaonyesha, miongoni mwa mengine, kurasa za vyama viwili vya madaktari wa watoto, kimoja kikubwa na cha siku nyingi, kingine kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Wengi wa wanafunzi walikiamini zaidi kile kidogo, maana ukurasa wake ulipendeza. Wahakiki hawakudanganyika. Walifanya nini? Waliuacha ukurasa ule mapema, wakaenda kuuliza kwingine: hawa ni akina nani, na wengine wanasema nini juu yao?

Ndugu msikilizaji, hilo wala si geni kwetu. Anayekuja kuposa haulizwi yeye peke yake tabia yake, huulizwa majirani.

Hatua ya nne ni kutaja ulikochukua maneno, ili mwenzako akitaka kwenda kuhakikisha aweze kufika. Hapo ndipo mpwa wangu alipoangukia. Wala hayuko peke yake. Mwaka 2023 jaji mmoja mjini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa sababu ya kupeleka mahakamani kesi za mfano zilizobuniwa na programu ya ChatGPT. Programu hizo hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Zinaweza kukutungia jina la makala lenye sura zote za ukweli, pasipo makala yoyote.

Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya watu 2,100 kwa wakati mmoja. Ni jengo la kujivunia. Lakini jengo halifundishi mtu. Katika vyuo vingi, hapa na ng'ambo, somo la mkutubi hupewa saa moja tu, wiki ile ile mwanafunzi anapohangaikia ada na chumba. Atakumbuka nini? Wakutubi wenyewe wanasema somo hushika pale mwanafunzi anapokuwa na kazi mkononi, na mhadhiri na mkutubi wamekaa wakaipanga pamoja. Hilo halihitaji jengo jipya. Linahitaji ratiba.

Mpwa wangu alirudi, akaketi na mkutubi yule siku mbili. Kwa marejeo mawili ya hewa walipata makala za kweli zilizosema jambo karibu na lile. Kwa mawili yaliyobaki hawakupata kitu, akafuta aya zake. Iliniuma kumwona akizifuta, lakini ilikuwa lazima. Mkulima wa mwani akishauriwa kwa utafiti usiokuwapo, msimu wake ndio unaopotea, si wa msomi.