Tulimfukuza dada wa Tekken kwa kusema ukweli

Desemba 2020 nilimtusi mwanamke nisiyemjua kwa sababu ya gemu ambayo sijawahi kuicheza hadi leo. Wacha nianze hapo, maana nikianza na makosa ya wengine nitakuwa mnafiki.

Wakati huo kafyu ilikuwa inaanza saa nne usiku. Chuo kilifungwa Machi na mimi nilishajua sirudi (karo, hadithi ndefu, siku nyingine). Tulikuwa tunashinda kwenye kibanda kimoja cha gemu hapa wadi ya Airport, Changamwe, kichochoro kimoja kutoka barabara ya Magongo. TV mbili, PS4 mbili, feni moja ya kuzungusha joto, na benchi ambalo ukikaa vibaya linakupasua suruali. Ndege ikishuka unanyamaza katikati ya sentensi, ikishapita unaendelea. Mechi ilikuwa shilingi 20. Usipokuwa na 20, unatazama.

Wengi wetu tulikuwa watazamaji. Na mtazamaji ana kazi moja tu, kusubiri gemu inayokuja.

Iliyokuwa inakuja ni Cyberpunk 2077, ya kampuni ya CD Projekt kutoka Poland. Ilitangazwa 2012. Mwaka 2019 wakamtoa Keanu Reeves jukwaani kuipigia debe, tukachizika kabisa. Tarehe ya kwanza ilikuwa Aprili 16, 2020. Ikasogezwa hadi Septemba 17, ikasogezwa hadi Novemba 19, ikasogezwa tena hadi Desemba 10. Kusogezwa huko kwa mara ya tatu kulifanya watengenezaji waanze kutumiwa jumbe za kutishiwa kuuawa. Yaani wewe umeambiwa gemu imechelewa wiki tatu, unaandikia mtu utamuua. Mbunifu mmoja wa ngazi ya juu ilibidi aandike hadharani kwamba hasira za watu anazielewa, lakini wao pia ni binadamu.

Siku tatu kabla gemu itoke, wahakiki wakaruhusiwa kutoa maoni. Wengi waliisifu. Kallie Plagge wa tovuti ya GameSpot akaipa saba kwa kumi. Saba! Mimi shuleni nikipata saba kwa kumi nilikuwa nanunuliwa soda. Lakini mashabiki walimshukia kama nyuki waliochokozwa. Mhakiki mwingine, wa jarida la Game Informer, aliandika kwamba kuna mwanga wa kumeta ndani ya gemu uliomsababishia kifafa, akaonya wenye shida kama yake wawe makini. Alichoambulia ni watu kumtumia video zenye mwanga wa kumeta, makusudi, ili aanguke tena.

Mimi niliandika chini ya posti ya mmoja wa wahakiki wa kipindi hicho. Simtaji. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga ila tusi lilieleweka, nikapata laiki 11. Nikapitisha simu kibandani, kila mtu akacheka.

Hebu niangalie vizuri. Kijana wa Magongo, hana PS4, hana hata shilingi 20 za mechi, amekopa bando ili amtusi mtu aliye Marekani kwa kutoa maoni juu ya gemu ambayo yeye mtusi hataigusa.

Gemu ilipotoka, kwenye PS4 ilikuwa aibu. Inaganda, inajizima, watu wanatembea barabarani kama mizimu. Wiki moja baadaye Sony wakaitoa kwenye duka lao la PlayStation na kurudishia watu pesa, na haikurudi dukani hadi Juni 2021. Kumbe yule wa saba kwa kumi alikuwa mpole. Je, kuna aliyerudi kumwomba radhi? Sisi kibandani tulibadilisha tu mtu wa kutusi, tukahamia kwa watengenezaji.

Nimeifikiria sana hiyo miaka. Watu hupenda kusema mashabiki wa hivi wana hasira kwa sababu walilipa mapema. Huko ng'ambo labda. Sisi hatukuwa tumelipa chochote. Tulichokuwa tumewekeza ni kusubiri. Ukikaa bila kazi, bila chuo, bila pesa, halafu kuna kitu kimoja dunia nzima inakingoja na wewe pia unaruhusiwa kukingoja bure, unajiona uko ndani ya kitu kikubwa. Mtu akija kusema hicho kitu ni cha kawaida tu, unahisi ni wewe umeambiwa ni wa kawaida. Sijitetei, nasema tu ilivyokuwa.

Lakini huyo mhakiki alikuwa mbali. Aliyefuata alikuwa amekaa benchi moja na mimi.

Kibandani alikuwa akija dada mmoja, nitamwita dada wa Tekken kwa sababu jina lake si langu la kutoa. Alikuwa akitoka kazini jioni, buibui lake, mkoba anausukuma chini ya benchi, anaweka 40 mezani kabla hata ya kusalimia. Tekken 7. Alikuwa anacheza na Nina na hakuwa na haraka. Wavulana wengi wa mtaani tumekuzwa na Eddy Gordo, unafinya vitufe vyote kama unakanda unga na miguu inaruka yenyewe. Yeye alikuwa anajikinga, anangoja ukosee, anakumaliza. Mwenye kibanda alikuwa akimpenda kwa sababu kila aliyepigwa alitoa 20 nyingine kujaribu kulipiza.

Cha kuchekesha ni kwamba ukutani tulikuwa na picha ya QueenArrow, iliyochapishwa saiba, rangi imefifia. Kama humjui, huyo ni Sylvia Gathoni, Mkenya aliyesomea sheria, ambaye 2018 alisajiliwa na timu ya XiT Gaming ya Milki za Kiarabu kucheza hiyohiyo Tekken. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kusajiliwa na timu ya nje. Amezungumza mara nyingi juu ya ubaguzi ambao wanawake wanakutana nao kwenye gemu. Picha yake tulijivunia. Aliyosema hatukuwa tumeyasikiliza.

Januari 26, 2024, Tekken 8 ikatoka. Mwenye kibanda alikuwa ameingia kwenye mkopo wa chama apate PS5, na miezi mitatu nzima kundi letu la WhatsApp lilikuwa ni trela tu, asubuhi trela, usiku trela. Kitu kipya kilichopigiwa kelele zaidi kiliitwa Heat. Unakiwasha mara moja kwa raundi, mchezaji wako anapandwa na moto kwa sekunde chache, na hata mpinzani akikinga, damu yake inapungua kidogokidogo. Tulikiona ni cha kibabe.

Dada wa Tekken akaicheza wiki mbili. Halafu akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi, nusu dakika hivi. Bado naukumbuka: "Jamani, picha ni nzuri, sikatai. Lakini hii gemu yampenda anayevamia bila kufikiri. Sasa yawaje mtu ajikinga vizuri na damu yapungua? Mimi naona wameiharibu."

Basi.

Kwanza ikawa ni mzaha. "Rudi jikoni." "Amezoea kupigana na sufuria." Kisha mtu akasema analalamika kwa sababu sasa atakuwa anapigwa. Nikaingia mimi. Nilichukua picha yake ya profaili, nikamkata kichwa, nikakibandika juu ya Nina aliyelala chini, nikaandika K.O. na maneno mengine ambayo gazeti hili halitachapisha. Nikaitengeneza stika. Dakika tano, programu ya bure. Ndani ya saa moja kundi zima lilikuwa linaitumia, hata kwa mambo yasiyomhusu. Mtu akisema "niko njiani," anajibiwa kwa uso wake.

Siku ya pili mtu, na si mimi, lakini hilo halinisafishi, akaipeleka kwenye makundi mengine ya gemu ya Mombasa pamoja na namba yake ya simu. Wanaume wakaanza kumpigia saa nane za usiku. Wengine wanacheka tu na kukata, wengine wanaomba mambo. Simu mojawapo iliitikiwa na kaka yake mkubwa. Kaka hakutaka kusikia habari za Tekken. Alichoelewa ni kwamba dadake ana wanaume wanaompigia usiku. Nyumbani hakukukalika, akaenda kukaa kwa shangazi yake Likoni miezi kadhaa, kila alfajiri anavuka feri kurudi kazini upande huu.

Kibandani hakuonekana tena. Mtu mmoja aliuliza, "Yuko wapi yule?" Mwingine akatuma stika.

Kwa wanaodhani haya ni utani wa vijana tu: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 27, inazungumzia kumhangaisha mtu mtandaoni. Faini ni hadi shilingi milioni 20, au jela hadi miaka 10, au vyote viwili. Mimi niliisoma baada ya miaka miwili, jasho likanitoka, na si la joto la Magongo. Yeye hakuenda kuripoti. Angeenda, pale kituoni angeulizwa yaleyale aliyoulizwa na kaka yake, au aliogopa angeulizwa, na kwake ilikuwa ni sawa tu.

Sasa sikia hii. Aprili 2025 Tekken 8 ikatoa mabadiliko makubwa ya msimu wa pili, na wachezaji wa dunia nzima wakalipuka. Steam ikajaa maoni mabaya. Walilalamikia nini? Kwamba kushambulia kumezidishwa, kujikinga hakuna maana tena. Kwenye kundi letu jamaa walewale wakaanza kutuma hizo posti za Wazungu na Wajapani na kuandika "facts," "mimi nilisema." Nilisoma hadi mwisho. Jina lake halikutajwa hata mara moja.

Ndipo nikamtafuta. Sasa yuko kwenye duka la M-Pesa, si mbali na hapa. Nilipanga foleni kama mteja kwa sababu sikujua niingie vipi. Nilipofika dirishani akaniangalia, akasema, "Kutoa au kuweka?"

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, ile stika niliitengeneza mimi.

"Najua," akasema. "Ni wewe peke yako pale ulikuwa wajua kutengeneza hivyo vitu."

Nikamwambia gemu kweli iliharibiwa, kila mtu sasa anakubali. Nilidhani hilo litamfurahisha. Aliniangalia kama mtoto.

"Kwani ningekuwa nimekosea, ingekuwa sawa?"

Sikuwa na jibu. Nyuma yangu kulikuwa na mama anataka kutuma karo na alishaanza kuguna. Dada akaniambia kaka yake hadi leo haamini ilikuwa ni mambo ya gemu, kwa hivyo kama nataka kufanya kitu, niende nikamwambie yeye. Akanipa siku na saa. Nilienda. Kaka alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani, na akaniambia maneno ambayo nilistahili. Kama aliniamini, sijui. Dada bado anacheza, ila kwa binamu yake, Tekken 7, mlango umefungwa.

Huku kibandani sasa ni GTA VI. Ya mwisho, GTA V, ilitoka Septemba 2013. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo yuko sekondari msingi na ndiye anayenikalia benchi langu. Trela ya kwanza tuliiona Desemba 2023, tukaambiwa 2025, ikawa Mei 26, 2026, na sasa ni Novemba 19, 2026. Novemba 19, tarehe ileile Cyberpunk ilivunja, wazee wa kibanda tunaikumbuka. Mwenye kibanda ameanza kuandika majina ya watakaocheza wiki ya kwanza, na wenye kutanguliza pesa wanawekwa juu.

Wiki jana kwenye kundi kijana mmoja mgeni aliandika kwamba yeye haoni cha ajabu, huenda gemu ikawa ya kawaida tu. Nilikuwa nimeshika simu. Nikahesabu: kabla dakika moja iishe alikuwa ametukanwa mara saba. Nikaandika, "Muacheni, ni maoni yake." Nikaambiwa nimezeeka. Nina miaka 25.

Kisha mvulana mwingine, kama wa miaka 15, akamjibu yule mgeni kwa stika. Ilikuwa ni ile yangu. Picha imeshachakaa kwa kutumwa, kingo zina ukungu, lakini uso ni uleule. Nilimwandikia pembeni nikamuuliza kama anamjua mtu aliye kwenye hiyo stika.

Akajibu haraka: "Si ni mchekeshaji wa TikTok?"