Je, Wajua? Raketi ya Bei Nafuu Yamtosha Anayeanza

Je, wajua kwamba kanuni za kimataifa za badmintoni, mchezo ulioanza kugombewa medali za Olimpiki mwaka 1992 mjini Barcelona, zauwekea urefu wa raketi mpaka wa milimita 680 na upana wake milimita 230, wala hazitaji thamani yake hata kidogo?

Basi mwalimu wa kijiji cha Lubondja ateremkaye mjini Baraka kulitafutia vifaa darasa la wanaoanza, naye fedha yake ni haba, hana sababu ya kuona haya achaguapo raketi za chuma au alumini, ambazo, ingawa ni nzito kuliko zile za nyuzi za kaboni, hustahimili kugongana na kuanguka. La muhimu ni kwamba kiungo cha mpini na kichwa kisitikisike, mpini ukienee kiganja cha mtoto, na nyuzi zikazwe kwa kadiri, yaani ratili 18 hadi 22, kwani nyuzi zisizokazwa mno huusaidia mkono usiozoea kuurusha mpira mbali.

Mpira wa manyoya halisi, ambao huundwa kwa manyoya 16 ya bata au bata bukini, huharibika upesi; ule wa nailoni hudumu zaidi. Na mahali pasipo ukumbi si hoja, kwa sababu mwaka 2019 Shirikisho la Badmintoni Duniani lilizindua mchezo wa uwanja wa wazi, wenye mpira maalumu ustahimilio upepo.

Enyi walimu na wazazi, nunueni raketi nyingi za wastani kabla ya moja ya fahari, ili kila mtoto apate zamu yake.