Kampala: mbele ya ubalozi wa DRC, karatasi moja inaweza kukupotezesha ingine

Saa mbili za asubuhi, Philip Road iko kimya. Ni barabara ya kilima cha Kololo, mjini Kampala, yenye miti mikubwa, kuta ndefu na walinzi walioketi mbele ya milango ya chuma. Ubalozi wa DRC uko hapa, jirani na balozi za nchi zingine. Mgeni anaweza kupita bila kuuona. Lakini akikaribia, atasikia Kiswahili cha Butembo, cha Bunia na cha Bukavu kando ya ukuta, na atajua kwamba amefika kwao.

Nilikuja kumsindikiza mdogo wangu, anayesoma hapa Kampala. Nilitoka Beni kwa barabara ya Kasindi, nikavuka mpaka wa Mpondwe, kisha nikapanda basi kupitia Kasese. Safari ya namna hiyo wafanyabiashara wa Butembo na Beni wanaijua kama njia ya kwenda shamba. Mimi sikufuata bidhaa. Nilifuata karatasi moja tu: ile ya kuhakikisha kwamba majina mawili ya mdogo wangu ni ya mtu mmoja.

Shida hiyo wakongomani wengi wa Kampala wanaijua. Kwetu, tangu wakati wa Mobutu na siasa yake ya kurudilia uasili mwaka 1972, mtu anabeba jina, post-nom, na leo tena jina la ubatizo. Kwa fomu zingine za Uganda kuna nafasi mbili tu. Siku ya kujiandikisha kwa chuo, unaacha jina moja ili fomu ijae. Miaka mitatu baadaye, diploma ya serikali kutoka Congo inasema majina matatu, kadi ya chuo inasema mawili, na mtu wa ofisi anakuuliza: wewe ni nani kati ya hawa?

Mdogo wangu aliingia na bahasha yake. Mimi nilibaki inje. Ngambo ya pili ya barabara, chini ya mti, mama mmoja alikuwa ameketi juu ya kitenge kilichokunjwa. Nilimsalimia, akaniuliza kama ninatoka ndani.

«Mwana yangu, hii ni siku ya pili ninakuja hapa,» alisema. «Jana nilitazama lango mpaka saa sita, nikarudi nyumbani. Ninaogopa kuingia.»

Alitoroka vita ya Djugu, jimboni Ituri, akapita kwenye ziwa Albert. Alikaa kwanza katika kambi ya Kyangwali, kisha akaja Kampala, ambako anauzisha vitenge kwa kupita nyumba kwa nyumba. Binti yake amepata mchumba na wanataka kuandikisha ndoa. Wameombwa cheti cha kuzaliwa. «Mimi nilikimbia na watoto, sikukimbia na makaratasi,» alisema. Lakini majirani wamemwambia: mkimbizi akikanyaga ubalozi wa nchi yake, ukimbizi umekwisha.

Woga huo haukutoka hewani. Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi unasema kwamba mtu anaacha kuwa mkimbizi ikiwa, kwa hiari yake, anajiweka tena chini ya ulinzi wa nchi alikotoka. Uganda, ambayo imepokea wakimbizi zaidi ya milioni 1,7, wengi wao kutoka Sudan ya kusini na DRC, ilitia kanuni ya namna hiyo ndani ya sheria yake ya mwaka 2006.

Hata hivyo, majirani walisema nusu ya mambo. Kitabu cha maelekezo cha HCR, shirika la umoja wa mataifa linalohusika na wakimbizi, kinauliza maswali matatu: je, mtu alifanya kwa hiari? Alikuwa na nia ya kurudia ulinzi wa serikali yake? Na je, aliupata kweli? Kitabu hicho kinatofautisha pia aina za karatasi. Kuomba ao kufanya upya paspoti ya nchi yako kunachukuliwa kama alama kwamba umerudia ulinzi wake, mpaka utoe maelezo yanayoonyesha kinyume. Lakini cheti cha kuzaliwa ao cha ndoa, ambacho hata mtu asiye raia angepaswa kukiomba palepale, hakihesabiwi namna hiyo.

Kwa maneno mengine, yule mama alikuwa anaogopa karatasi ambayo si ya kuogopesha sana. Kuna wengine wanaokimbilia ile ya hatari bila kuogopa. Nilikutana na mmoja siku hiyohiyo.

Karibu saa tano, mdogo wangu alitoka akasema kunakosekana fotokopi mbili. Kololo ni kartye ya nyumba kubwa; fotokopi na chakula cha bei ndogo si vitu vya kutafuta mbele ya kila lango. Tulipanda boda, ndiyo moto kwa lugha ya kwetu, tukashuka mpaka Kamwokya, chini ya kilima. Ni dakika chache tu, lakini ni dunia ingine: soko, vumbi, redio, mafundi wa simu, na vijana wanaokunja mayai ndani ya chapati, chakula ambacho Kampala inaita rolex. Tulikula kwa kusimama huku mashine ya fotokopi ikingojea umeme.

Ndani ya hiyo butike kulikuwa kijana wa Kivu ya kaskazini mwenye picha nne za paspoti mkononi. Ana kadi ya mkimbizi, lakini anataka paspoti ya Congo ili aende Dubai kununua simu. Nilimuuliza kama anajua kwamba paspoti hiyo inaweza kugusa ukimbizi wake. Alicheka. «Yaya, kadi haipande ndege,» alinijibu. Alikuwa hajasikia kwamba mkataba wa 1951 unaruhusu nchi iliyopokea mkimbizi kumpa hati yake ya kusafiria, na kwamba Uganda inazitoa. Si njia ya haraka, na inaombesha maelezo mengi. Lakini haimwombi mtu kuchagua kati ya safari na usalama wake.

Alituambia tena kuna mtu aliyemwahidi kumaliza kila kitu katika siku mbili, kule Nasser Road. Barabara hiyo ya katikati ya mji inajulikana kwa mashine zake za kuchapa: mialiko ya arusi, kalenda, vitabu vya risiti. Inajulikana pia kwa karatasi za uongo, na polisi ya Uganda imekwisha kukamata watu huko mara nyingi. Mkongomani anayekamatwa na hati ya namna hiyo mpakani anapoteza feza, anapoteza safari, na anaweza kulala gerezani katika nchi ya wengine. Kijana alinyamaza. Aliweka picha zake mfukoni. Sijui alielekea wapi.

Tulipopanda tena kilima, tulipita karibu na uwanja wa Kololo, ambako bendera ya Uganda huru ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962. Mwendesha boda alituonyesha kwa mkono, kisha akatueleza jina la kilima. Inasimuliwa kwamba Awich, chifu mmoja wa Waacholi, alifungwa hapa na Waingereza, mbali na watu wake. Akawa analalamika kwa lugha yake kwamba amebaki peke yake: kololo.

Mwendesha boda mwenyewe alisema hayo kwa Kiswahili cha kubahatisha. Katika Kampala, lugha ya soko ni Kiganda na ya ofisi ni Kiingereza, hata kama mwaka 2022 serikali ya Uganda ilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi, mwaka uleule DRC ilipoingia jumuiya ya Afrika mashariki. Kwa mkongomani asiyejua Kiingereza, kuelewa sheria inayomhusu ni kazi. Anashika neno la jirani.

Tulimkuta mama wa Djugu pahali palepale. Nilimweleza niliyoyajua, nikamwambia pia kwamba mimi ni mwandishi wa habari, si mwanasheria. Kuna Refugee Law Project, ya kitivo cha sheria cha chuo kikuu cha Makerere, inayosaidia wakimbizi kwa mambo ya sheria tangu 1999. Mdogo wangu aliandika jina hilo kwenye kipande cha karatasi. Mama alikisoma polepole, akakifunga kwenye ncha ya kitenge.

«Basi nitaenda kuuliza kwanza,» alisema. «Kisha nitarudi hapa, na nitaingia.»

Mdogo wangu aliitwa mbele ya saa nane. Alitoka na karatasi yake, majina yote matatu yakiwa kwenye mstari mmoja. Aliyasoma mara mbili kwa sauti, mbele ya lango, kabla ya kuiweka ndani ya bahasha.